Umehamia Dar? Tafuta barabara kwanza, nyumba baadaye

Mwalimu aliyehamishwa kutoka Songea, mhasibu aliyepata kazi bandarini, kijana aliyemaliza chuo Mbeya akaitwa ofisi ya Posta: wote wakishashuka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, huuliza swali moja. Nyumba nzuri ya bei nafuu inapatikana wapi? Ndugu atasema Tabata, rafiki atasema Goba, dalali atataja popote alipo na nyumba siku hiyo. Wote wanaweza kuwa wakweli na mgeni bado akaumia. Nyumba nzuri Dar es Salaam zipo kila upande. Shughuli ni kutoka hapo kwenda unakokwenda na kurudi, siku sita za juma.

Mji huu, uliohesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, umetanda kufuata njia kuu nne zinazotoka katikati: Ali Hassan Mwinyi inayoendelea kuwa Barabara ya Bagamoyo upande wa kaskazini, Morogoro kuelekea magharibi, Nyerere inayokwenda uwanja wa ndege hadi Pugu, na Kilwa inayoteremka Mbagala. Mandela na Sam Nujoma ndizo zinazounganisha njia hizo kwa ubavuni. Ukikaa kwenye njia ileile iliyo na kazi yako, au kazi ikiwa mjini kati, safari yako ni moja. Ukikaa Tegeta na kazi iko Chang'ombe, umejipa safari mbili kila asubuhi: nauli mara mbili, kusubiri mara mbili, foleni ya Mwenge kisha ya Buguruni. Ndiyo maana nasema dalali asubiri kidogo. Andika kwenye karatasi mahali pa kazi yako, pa mwenzi wako, na shule ya watoto. Njia inayopita kwenye viwili kati ya hivyo ndiyo yako, na mtaa utautafuta humo.

Ukishaipata njia, usiende kuona nyumba Jumapili alasiri. Nenda kituoni Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, usimame uangalie. Utaona watu wenye mashati yaliyopigwa pasi wakipanda daladala inayokwenda kinyume na mjini. Hao wanageuza nalo: wanalipa nauli kwenda mwisho wa gari ili wapate kiti cha kurudia mjini. Kituo ambacho nusu ya abiria wanageuza kimekwisha kukwambia gharama ya mtaa ule, kabla hata hujasikia kodi. Angalia pia kama magari yanaanzia hapo au yanapita tu. Anayeishi jirani na mwanzo wa gari hukaa, na anayeishi katikati ya njia husimama, akipata pa kukanyaga.

Mwendokasi umebadilisha hesabu hiyo kwa sehemu. Tangu mabasi hayo yalipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco, mtu wa Kimara au Manzese amepata njia isiyofungwa na foleni. Vituo hufurika na mabasi huchelewa, malalamiko ambayo wakazi wana haki nayo kabisa. Hata hivyo, kati ya nyumba mbili zinazolingana, mimi ningemshauri mgeni achukue ile ambayo anaweza kutembea kwa miguu hadi kituoni bila kuhitaji bodaboda. Bodaboda ya asubuhi na ya jioni, siku baada ya siku, ni kodi ya pili.

Na anayepaswa kufikiriwa kwanza katika haya ni mtoto. Mtu mzima anaweza kujikaza. Mtoto wa darasa la pili anayeishi mbali na shule huchukuliwa na basi alfajiri giza bado limetanda, kwa sababu basi linazunguka mitaa mingi kabla ya kufika. Anasinzia njiani, anasinzia darasani, anarudi jioni akiwa hana nguvu hata ya kucheza. Wazazi wengi huchagua mtaa kwa ajili ya ukubwa wa uwanja, ili watoto wapate pa kukimbia, kumbe wanawahamishia mahali ambapo watauona uwanja huo Jumapili tu. Chumba kimoja pungufu karibu na shule ni bora mara nyingi kuliko nyumba pana ya mbali.

Kigamboni inahitaji hesabu yake. Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa mwaka 2016 na limewafanya wengi wajenge Kibada na Mji Mwema, ambako hewa ni nzuri na viwanja bado vipo. Lakini daraja lina tozo kwa wenye magari, na pantoni ya Magogoni ina foleni yake. Anayefanya kazi Kurasini atafurahi. Anayefanya kazi Mikocheni afikirie mara mbili.

Baada ya barabara, mvua. Masika huanza Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na nyumba nyingi hupangishwa wakati wa kiangazi ukuta ukiwa umepakwa rangi mpya. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa wakazi wa bonde la Msimbazi, baadhi yao wakapewa viwanja Mabwepande. Jangwani imefungwa na maji mara nyingi tangu wakati huo. Msimbazi si peke yake. Mto Ng'ombe unapita Tandale, Kizinga iko upande wa Mbagala, na huko Boko na Basihaya kuna sehemu ambazo maji hayaji kwa kasi, yanakaa tu, wiki kwa wiki, kwa kuwa hayana pa kwenda.

Mwenye nyumba hatakuambia hayo, ila nyumba itakuambia. Tazama mlangoni: kikiwepo kijiukuta cha saruji kinachofika magotini, ambacho lazima ukivuke kwa kuinua mguu, hakikuwekwa kwa urembo. Tazama soketi za umeme kama zimepandishwa juu kuliko kawaida. Ingia kwa jirani uone kama friji na kabati zimeinuliwa juu ya matofali. Nyuma ya nyumba, ambako rangi haikufika, tafuta mstari wa tope ukutani. Kisha muulize mama anayeuza vitumbua pale nje maji hufika wapi. Atakuonyesha kwa mkono.

Jambo jingine ambalo wapangaji hulipuuza ni upimaji. Sinza na Kijitonyama zilipimwa viwanja katika mradi wa miaka ya 1970 uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na hadi leo gari la majitaka linafika mlangoni. Bunju, Kibada na Buyuni zilipata viwanja katika mradi wa viwanja 20,000 wa miaka ya 2000. Sehemu kubwa ya mji ilijijenga yenyewe, na huko kuna ujirani mzuri sana, tena kodi ni ya chini, lakini mgonjwa akizidiwa usiku hubebwa hadi barabarani. Ukiwa na mzazi mzee nyumbani, hili lisikupite. Anayetaka kununua achunguze pia hifadhi ya barabara: mwaka 2017 nyumba zilizokuwa pembeni ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, zilibomolewa kupisha upanuzi. Alama ya X nyekundu ukutani iulizwe ofisi ya serikali ya mtaa, isiulizwe kwa muuzaji.

Maji ya bomba nayo yana ramani yake. Fungua bomba mwenyewe, nawa kwa sabuni. Povu likikataa, hayo ni maji ya kisima yenye chumvi, na ya kupikia utanunua kwa ndoo au kwa boza. Uliza mgao hutoka siku gani, na tangi linabeba lita ngapi kwa wapangaji wangapi. Mwishoni mwa 2021, Ruvu ilipopungua kwa ukame, wenye matangi makubwa ndio waliopumua.

Vilevile hakikisha LUKU ni yako peke yako. Mita moja kwa familia tatu imevunja urafiki mwingi.

Ukifika kwenye malipo, wenye nyumba wengi watataka kodi ya miezi sita au mwaka, na dalali atataka ya mwezi mmoja juu yake. Fedha hiyo ikishatoka huwezi kuhama tena hata ugundue kosa siku ya tatu. Anayeweza, aje kwanza peke yake, apange chumba na sebule kwenye njia aliyoichagua kwa mwenye nyumba anayekubali miezi mitatu, hata kwa kuongeza kidogo kwa mwezi, apite humo mvua moja nzima. Familia ifuate likizo ya shule. Na siku ya kuhamia, kabla mizigo haijashushwa yote, aende kwa mjumbe kujitambulisha.