Safari Fupi ya Eksitoni: Ufanisi wa Seli za Jua za Kikaboni

Seli ya jua ya kikaboni ni ile inayotumia molekuli za kaboni badala ya silikoni kugeuza mwanga kuwa umeme. (Istilahi hii haihusiani kamwe na kilimo kisichotumia mbolea za viwandani.) Seli hizi ni nyembamba, nyepesi, hupindika na zaweza kuchapwa mfano wa gazeti. Hata hivyo, ufanisi wake ulikuwa duni kwa muda mrefu.

Chanzo ni hiki. Katika silikoni, mwanga unapopiga, elektroni hutengana kwa urahisi na tundu inaloliacha nyuma. Katika kaboni, viwili hivyo husalia vimeshikamana, na kwa pamoja huitwa eksitoni. Eksitoni husafiri takriban nanomita 10 tu kabla ya kufifia. Isipoufikia mpaka baina ya kitoaji na kipokeaji cha elektroni, nishati yake hupotea bure.

Mwaka 1986, Ching Tang wa kampuni ya Kodak, Marekani, alibandika matabaka mawili akapata ufanisi wa asilimia 1 hivi. Mwaka 1995, kundi la Alan Heeger huko California lilizichanganya nyenzo hizo badala ya kuzipanga, mpaka ukawa karibu kila mahali. Hilo, kwa hakika, ndilo wazo lililozaa mengine. Molekuli ya Y6, iliyotangazwa China mwaka 2019, ilichukua nafasi ya fulerini za awali na kufikisha asilimia 15.7, seli za maabara zimekwisha kupita 19.

Linalosumbua sasa ni uhai wake. Mwanga, oksijeni na unyevu huzichakaza upesi, ilhali paneli ya silikoni hudumu zaidi ya miaka 20.