Upepo wa ubavuni na gharama ya mzigo wa reli

Na Mwandishi Wetu, Buhemba

MFANYABIASHARA wa Buhemba anayesubiri reli ya kisasa ya Isaka hadi Mwanza, kilomita 341, hupiga hesabu mbili: nauli ya mzigo na siku za safari. Iko ya tatu ambayo sokoni haisikiki sana, nayo ni upepo.

Treni za umeme za abiria zilizoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024 zimeundwa kwenda hadi kilomita 160 kwa saa. Anayeijua Dodoma anaujua upepo wake. Upepo ukipiga ubavuni huinua magurudumu ya upande unakotoka, na ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Treni ikikimbia zaidi, hali huwa mbaya zaidi. Anayeumia kwanza ni behewa jepesi, hasa la mbele.

Japani walilipa ada ya somo hili. Desemba 28, 1986, treni isiyo na abiria ilipita daraja la Amarube, lenye kimo cha mita 41 hivi. Kengele ya upepo ilikuwa imelia kwa waongozaji, lakini treni haikusimamishwa. Mabehewa saba yaliangukia kiwanda cha kusindika kaa, wakafa watu sita. Kichwa cha treni, kwa uzito wake, kilibaki juu ya daraja.

Baada ya hapo kiwango cha kusimamisha treni kilishushwa kutoka upepo wa mita 25 kwa sekunde hadi 20. Usalama ulipatikana, ila treni zikawa zinachelewa au kufutwa kila upepo ulipovuma. Nafuu ilikuja mwaka 2010 kwa daraja jipya la zege lenye kuta za kukinga upepo. Kwa lugha ya biashara, walinunua muda kwa zege.

Upimaji wenyewe hauhitaji kuangusha treni. Mfano mdogo wa behewa huwekwa ndani ya handaki lenye feni kubwa, ukageuzwa pembe mbalimbali huku vipimo vikisoma nguvu inayousukuma. Kompyuta huchukua namba hizo, ikaongeza uzito, springi na mwendo, ikatoa jedwali: kwa kasi hii, upepo usizidi huu. Jedwali hilo hulinganishwa na upepo wa njia husika, hasa kwenye madaraja na matuta marefu. Ulaya wana kanuni yake, EN 14067-6.

Mwenye mzigo ajue kwamba kontena tupu lina ubavu uleule wa kontena lililojaa, lakini uzito haupo. Kwa hiyo treni inayorudisha makontena matupu ndiyo ya kuangaliwa zaidi upepo ukivuma, na ikisimamishwa, makontena ya kupakia mzigo mwingine huchelewa nayo. Mwenye pamba Bunda anayesubiri kontena ataisikia hasara hiyo mfukoni hata kama hakuna behewa lililoanguka.

Kabla ya kusaini mkataba wa usafirishaji, muulize wakala: treni ikisimamishwa kwa upepo, gharama za kuchelewa ni za nani? Na kwenye hati ya bima, soma kama dhoruba imo au imeondolewa. Mara nyingi jibu liko kwenye maandishi madogo, ukurasa wa nyuma.