UNACHEZA BURE? HONGO UTALIPA TU!

Msomaji wangu, ukiona kitu kimeandikwa "bure" hapa duniani, kwanza papasa mfuko wako. Kuna bure ya kweli, kama embe lililodondoka njiani Tabora msimu ukichanganya. Halafu kuna bure ya pili, hii ya kwenye simu za watoto wetu. Hiyo wenyewe wameijengea malango.

Dada yangu anakaa Itetemia, huko huko kwenye makao ya watemi wa Unyanyembe, nje kidogo ya mji wa Tabora. Alinipigia simu mbiombio. Mwanawe kamaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo.

"Kaka, huyu mtoto kaoa simu," akasema. "Kula hali, maji hachoti, kutwa anaua majoka. Na bando langu linakwisha. Njoo uniambie hela yangu inakwenda wapi."

Nilikuwa na likizo ya wiki tatu. Nikaenda, tena si kwa kuhubiri. Nilimwambia bwana mdogo anifundishe na mimi nicheze.

Gemu lenyewe linaitwa Old School RuneScape. Unatengeneza mtu wako, unampa jina, unamwingiza kwenye nchi ya ngome za mawe, wachawi na majoka, na humo mnakutana na maelfu ya watu wa dunia nzima wanaocheza saa hiyo hiyo. RuneScape ya kwanza ilianza Januari 2001 kule Cambridge, Uingereza, kazi ya Andrew Gower na ndugu yake Paul. Hii ya "kizamani" ilifunguliwa mwaka 2013 kutokana na nakala ya mwaka 2007 iliyokuwa imehifadhiwa, baada ya wachezaji wenyewe kupiga kura. Oktoba 2018 ikaingia kwenye simu, na ndiyo njia iliyoifikisha mpaka chini ya mwembe wa dada yangu.

Kuingia hulipi hata senti. Ila sehemu kubwa ya nchi hiyo imefungwa, na kazi kadhaa zimefungwa vilevile, mpaka ulipe ada ya uanachama. Mojawapo ya kazi hizo zilizofungwa ni kulima. Kulima, jamani! Yaani Mnyamwezi aambiwe jembe ni la wanaolipa.

Basi, mpwa wangu akanikalisha. "Mjomba, anza na kuku, halafu ng'ombe." Unaua ng'ombe, unachukua ngozi, unauza sokoni kwa wachezaji wenzako. Dada alipopita na ungo wake wa michembe akauliza hao ng'ombe ni wa nani. Hakuna aliyemjibu, maana kwa kweli hatukujua.

Siku ya tatu nikafika kwenye geti la kwenda mji wa jangwani uitwao Al Kharid. Mlinzi kasimama, anataka sarafu 10. Nikawa naingiza mkono mfukoni, bwana mdogo akanizuia. "Usilipe, mjomba. Panda kaskazini, zunguka, shuka kwa machimboni. Unaingia bure." Nikazunguka. Njia ndefu hiyo, na machimboni kuna nge wakubwa kama mbuzi. Nikaingia nikihema, lakini sarafu zangu 10 ninazo.

Hapo ndipo nilipocheka peke yangu. Nikamwambia kijana: unajua kwamba mchezo huu umechezwa hapa hapa kwenu, zamani sana?

Misafara ya kutoka pwani kuja Tabora ilipita Ugogo, na kila mtemi wa Ugogo alikuwa na lango lake. Unataka kupita na kunywa maji? Toa vitambaa, toa waya. Iliitwa hongo, na wakati huo hongo haikuwa rushwa ya chini ya meza kama tunavyoijua leo. Ilikuwa ushuru wa njia. Henry Stanley aliyekuja kumtafuta Livingstone aliilipa, akafika Kwihara, pua na mdomo na hapo Itetemia, Juni 1871. Mwaka huo huo Mirambo akagombana na Waarabu wa Tabora, njia ya Ujiji ikafungwa. Stanley akazunguka kusini. Alipofika kwa Waha hongo zikawa nyingi, na baada ya kulipa mara kadhaa akaamua kupita porini usiku na watu wake, kimyakimya, asilipe tena. Machimboni na nge, kasoro kioo cha simu tu.

Kijana akaniangalia. "Kwa hiyo mjomba, Stanley naye alikuwa anacheza bure?"

Swali zuri kuliko alivyodhani. Anayekwepa lango analipa kwa miguu yake. Ndivyo gemu hizi zinavyokwenda: mwenye hela anatoa hela, asiye nayo anatoa muda. Na muda wenyewe si mchezo. Kila kazi ina daraja mpaka 99, na kufika huko unahitaji pointi 13,034,431. Ukifika daraja la 92 unajiona mzee wa kazi. Kumbe pointi zako ndiyo kwanza zimefika nusu!

Sasa sikiliza hii, ndiyo iliyonikosesha usingizi. Kuna kitu kinaitwa bondi. Tajiri wa huko Ulaya ananunua bondi kwa hela halisi, halafu anaiuza sokoni ndani ya gemu kwa sarafu za gemu. Kijana kama mpwa wangu, aliyekusanya mamilioni ya sarafu kwa kukata miti na kuchimba chuma, anainunua na kupata uanachama wa siku 14. Kampuni haikosi: hela katoa tajiri, jasho katoa mtoto wa Itetemia.

Nikawaza wapagazi. Wanyamwezi walibeba frasila mbili begani mpaka pwani, na kijana ambaye hajafika pwani alionekana bado mtoto. Walilipwa vitambaa, walikuwa na sifa zao, hakuna aliyewaona ombaomba. Na bila wao msafara haupo. Vivyo hivyo wachezaji wa bure: ndio wanaojaza soko na barabara. Tajiri atamringia nani na deraya lake la dhahabu kama nchi ni tupu?

Kuhusu bando la dada, hilo nilipima mwenyewe kwenye simu, maana simu yenyewe inaonyesha kila programu imekula kiasi gani. Gemu lilikuwa limekula kidogo sana. Mlaji mkuu alikuwa video, zile ambazo kijana alikuwa anatazama jinsi wenzake wanavyomuua joka. Dada nikamwonyesha tarakimu. Akanyamaza, halafu akasema, "Basi amuue mwenyewe bila kutazama."

Nisiseme hata hivyo kwamba gemu zote ni sawa, la hasha. Zipo ambazo lango lake ni karata tatu mtupu. Chukua Genshin Impact iliyotoka mwaka 2020: kuingia bure, lakini ukimtaka mhusika wa nyota tano unabahatisha, na kila mvuto mmoja una nafasi ya asilimia 0.6. Unavuta, unakosa, unanunua tena. Januari 2025 kampuni yake ilikubali kulipa dola milioni 20 kumaliza shauri na Tume ya Biashara ya Marekani, na kutowauzia watoto wa chini ya miaka 16 bahati nasibu hizo bila idhini ya mzazi. Ubelgiji ilishaziita masanduku hayo ya bahati kamari tangu mwaka 2018. Mzazi, hapo usicheze mbali na simu ya mwanao.

Turudi Itetemia, maana kasheshe lilikuwa bado. Wiki ya pili kijana alinivuta pembeni. Kuna jamaa wa Dar kamtumia ujumbe: anataka sarafu zake zote, atamtumia shilingi 5,000 kwa simu. Sheria za gemu zinakataza. Ukikamatwa akaunti inafungiwa, na ya kwake ina miaka mitatu. Si jambo la ajabu lakini. Venezuela, fedha yao ilipoporomoka, vijana wengi waliingia humo kutwa kucha kuua majoka ya kijani na kuuza dhahabu ili nyumbani watu wale.

Nikamuuliza: sarafu hizo umezikusanya muda gani? Akasema jioni za miezi minne. Nikamwambia palizi ya siku moja kwenye tumbaku ya jirani inakupa hela hiyo.

"Mjomba," akanijibu taratibu, kwa adabu zake zote, "na ule mpira mnaocheza Jumapili mnalipwa shilingi ngapi?"

Nilikosa la kusema. Jamaa wa Dar hakuuziwa. Jumamosi kijana alinunua bondi kwa sarafu zake mwenyewe. Jioni hiyo akapita geti la magharibi ya mji wa Falador, geti alilolitazama miaka mitatu kwa nje. Hakuua kitu. Alitembea tu, anatazama miti.

Dada amezungushia tarehe kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu. Siku ya 15, kasema, simu inalala chumbani kwake, na ndoo mbili ziko mlangoni.