Mkono Usiofumba Tonge

Bibi yangu alikuwa akikaa Mkunazini, katika nyumba yenye ngazi za mbao zilizosimama wima kama za jahazi. Nilipokuwa na miaka tisa, mimi ndiye niliyekuwa nikimfungulia komeo la mlango asubuhi, mimi niliyekuwa nikimkunia nazi, na mchana wa Ijumaa nilikuwa nikimfumbia tonge la pilau na kumtia mdomoni. Vidole vyake vilikuwa vimelala upande mmoja, vyote vikielekea kidole cha mwisho, kama minazi ya pwani iliyozoea kupigwa na kusi. Watu wazima walisema ana baridi. Akichuliwa kwa mafuta ya karafuu, akikandwa kwa maji ya moto, akiambiwa asubiri. Mpaka leo, mgonjwa akininyooshea mkono, jicho langu huanza na vidole.

Mimi ni muuguzi. Nilisoma Mbweni, chuo chetu cha afya kilipokuwa bado hakijaunganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na tangu hapo nimefanya kazi wodini na kwenye kliniki za wagonjwa wa nje hapa mjini. Ninalolitaka katika kazi hii nimelijua kwa muda mrefu, ila halikuwa na jina. Jina nililikuta baadaye kwenye majarida ya kazi: muuguzi bingwa wa magonjwa ya viungo.

Kiswahili chetu kina neno moja lililobeba mzigo mkubwa, baridi yabisi. Mzee ambaye magoti yake yamelika kwa miaka ya kupanda ngazi na kubeba ndoo ana baridi yabisi. Bwana anayeamshwa usiku wa manane na kidole gumba cha mguu kilichovimba na kuwaka moto, hata shuka asitake limguse, naye huambiwa hivyo hivyo, kumbe ana jongo, asidi ya yuriki imejijenga kama chembe za chumvi ndani ya kiungo. Mtoto aliyeumwa koo wiki chache nyuma, leo goti linauma, kesho kifundo cha mguu, huyo mama yake akimpaka mafuta na kumlaza nyumbani amepoteza muda wa moyo wake. Ana homa ya baridi yabisi, ambayo hushambulia vali za moyo, na kinga yake ni sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Na kuna maumivu yanayobaki baada ya homa za mbu. Haya Unguja tumeyajua zamani: Dk. James Christie, aliyekuwa mjini hapa mwaka 1870, aliandika habari za homa kubwa ya viungo ambayo wenyeji waliiita kidinga pepo, na wazee walimwambia iliwahi kupita kiasi cha mwaka 1823. Watafiti wa baadaye waliitazama tena na kuona inafanana zaidi na chikungunya, ugonjwa uliopewa jina kwa lugha ya Wamakonde baada ya mlipuko wa kusini mwa Tanganyika mwaka 1952, jina linalomsema mtu aliyepindika kwa maumivu.

Ugonjwa wa bibi yangu ulikuwa mwingine. Kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, hugeuka ikavishambulia viungo vyenyewe, hasa vidogo vya mikono na miguu, kulia na kushoto kwa pamoja. Sakafu ya marumaru inayosingiziwa baridi haihusiki, wala kuoga usiku. Wanawake huupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye thamani, kwa sababu dawa ikiwahi kiungo huepuka kulika, na kikishalika hakirudi.

Kwa hiyo mama akiniambia vidole vinauma, swali langu la kwanza ni la asubuhi. Ukiamka, vidole vinachukua muda gani kufunguka? Wa magoti yaliyochoka huniambia, nikitembea mpaka chooni basi. Wa ugonjwa ule huniambia watoto wamekwishakunywa chai na kwenda skuli na yeye bado hawezi kufunga vifungo vya nguo. Kisha namshika mkono kama ninayemsalimia, nayafinya taratibu mafundo manne ya mwanzo wa vidole kwa pamoja, huku namtazama uso, siutazami mkono. Wanawake wetu ni wavumilivu mno kwa mdomo, lakini nyusi husema. Nauliza na kazi za mikono: anakuna nazi? Anasokota kamba za usumba, anasuka ukili? Kwa wa Paje na Jambiani nauliza kama bado anaweza kufunga vipande vya mwani kwenye vijikamba viitwavyo taitai, kazi ya ncha za vidole iliyoingia pwani ile mwaka 1989. Na tonge, linafumbika?

Ulaya kazi hii ina cheo na chumba. Leeds, Uingereza, muuguzi Jackie Hill na wenzake walichapisha mwaka 1994 utafiti wa kliniki ya viungo iliyoendeshwa na muuguzi: wagonjwa wake maumivu yalipungua, waliujua ugonjwa wao zaidi na waliridhika na huduma. Mwaka 2012 jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa magonjwa haya, EULAR, ilitoa mwongozo kwamba mgonjwa apate muuguzi wa kumfundisha, wa kumpigia simu, na wa kushirikiana na daktari kuufuatilia ugonjwa. Kenya, mradi ulioitwa Uwezo, ambao bingwa wa viungo Omondi Oyoo alikuwa mmoja wa walioushika, uliwafundisha wahudumu wa afya kuvichunguza viungo.

Niseme kwa nini simu na mafundisho nayaona ni dawa kamili. Miaka kadhaa nyuma alikuja mama wa kusini, mdomo umejaa vidonda, hata uji haupiti. Alikuwa akitumia methotreksati, dawa kuu ya ugonjwa huu, ambayo hunywewa mara moja tu kwa wiki. Kipimo kikizidi huangusha damu na kuchoma mdomo. Pakiti iliandikwa vizuri kabisa: mara moja kwa wiki, Ijumaa usiku.

Nikamuuliza, “Mama, dawa hii unakunywa lini?”

“Usiku wa Ijumaa, mwanangu, nikishasoma Yasini.”

Mwanawe akadakia, “Na mimi namkumbusha kila Ijumaa baada ya Isha, nampa na maji.”

Kwetu usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa wa mama ni Alhamisi ya pakiti. Alikunywa Alhamisi kwa desturi yake, na Ijumaa kwa mapenzi ya mwanawe, na hakuna aliyekosea Kiswahili. Daktari aliisimamisha dawa, damu ikapimwa, na baada ya wiki chache mdomo ukapona. Tangu siku hiyo mgonjwa wangu hapewi usiku wowote. Namwambia Jumatatu, baada ya chakula cha mchana, na aliye nyumbani naye arudie mbele yangu. Asidi ya foliki, inayopunguza madhara ya dawa hii, mara nyingi nayo ni kidonge kidogo cha manjano kama mwenzake, kwa hiyo hupewa siku nyingine na kopo jingine.

Lipo na jambo la wasichana. Methotreksati hudhuru mimba. Bibi harusi wa miaka 23 hatamwambia daktari mwanamume, mbele ya mama mkwe, kwamba anatamani mtoto mwaka huu. Mimi huniambia, kwa sababu tumekaa, mkono wake umo mkononi mwangu, na mlango umefungwa. Hapo tunapanga na daktari dawa ibadilishwe mapema.

Vijana wa Mbweni huniuliza wasome wapi. Diploma unayo, shahada ipo, na Muhimbili wana shahada ya uzamili ya uuguzi wa wagonjwa mahututi na ya afya ya akili. Ya viungo sijaiona, nami siwafichi. Lakini wauguzi wa kliniki za UKIMWI na kisukari wengi walianza hivi hivi, kwa semina, kwa daktari aliyekubali kufundisha, kwa wagonjwa wale wale mwezi hadi mwezi mpaka mkono ukajua. Vipo viungo 28 vya kuhesabu, mabega, viwiko, vifundo vya mikono, vidole na magoti, kuona vingapi vimevimba na vingapi vinauma, na hesabu hiyo anayefunzwa anaiweza.

Mwezi uliopita niliandika barua kwa wakubwa wangu. Nimeomba chumba kila Jumatano, simu ambayo wagonjwa wataijua namba yake, na ruhusa ya kuandika fomu ya kupima damu bila mgonjwa kupanga foleni mara mbili. Na viti viwili virefu kidogo, vyenye mikono ya mbao, ili anayekuja aweze kuinuka mwenyewe.