Siri ya mrushaji katika softiboli ya mwendo wa polepole

MTU anayeitazama softiboli ya mwendo wa polepole kwa mara ya kwanza hudhani kwamba mrushaji hana kazi. Mpira hauendi mbio. Hurushwa kwa mkono wa chini, ukapanda na kuelea hewani kwa takriban sekunde moja na nusu kabla ya kumfikia mpigaji. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kusimama kwenye kibao cha mrushaji anajua kwamba kuutua mpira huo mahali panapotakiwa, mara kumi mfululizo, ni jambo jingine kabisa.

Asili ya softiboli ni jiji la Chicago, Marekani, ambako George Hancock aliianzisha mwaka wa 1887 kwa glavu ya ndondi iliyofungwa ikawa mpira, na mpini wa ufagio ukawa gongo. Aina iliyoingia katika Olimpiki jijini Atlanta mwaka wa 1996 ni ile ya mrusho wa kasi. Hii ya polepole ni ya burudani zaidi, nayo hupendwa na majirani na wafanyakazi wanaokutana viwanjani baada ya kazi.

Mrushaji husimama futi 50 kutoka kwa kibao cha mpigaji. Sharti mguu wake mmoja uguse kibao chake hadi mpira umtoke mkononi, na kabla ya kurusha atulie kidogo, mpira ukiwa mbele yake. Kisha mkono hurudi nyuma na kuja mbele ukipita karibu na nyonga.

Linalowashinda wanagenzi wengi ni tao la mpira. Kanuni hutaka mpira upande angalau futi 6 kutoka ardhini, na usizidi futi 10 au 12 kwa kutegemea chama kinachosimamia ligi. Anayerusha chini ya kiwango hicho huadhibiwa na mwamuzi. Anayerusha karibu na kiwango hicho cha chini humpa mpigaji mpira ulionyooka, rahisi kupigwa. Mpira uliopanda sana hushuka kwa mteremko mkali, na mpigaji hupata shida kuulenga kwa gongo. Ndiyo maana warushaji hodari hulenga sehemu ya nyuma ya kibao. Katika ligi nyingi za burudani huwekwa mkeka nyuma ya kibao hicho, na mpira ukiuangukia huhesabiwa straiki.

Nguvu ya mrusho haitoki kwenye kiwiko. Mkono huning'inia kama kamba ya bembea, bega likiwa limelegea, na magoti hukunjwa kidogo. Anayeukaza mkono kwa woga huuachilia mpira kwa kuchelewa, ukapaa juu mno na kuanguka kabla ya kufika. Zoezi jepesi ni kuweka ndoo mahali pa kibao na kufunga kamba baina ya miti miwili katikati ya njia, kwa urefu wa futi 8, kisha kujaribu kuupitisha mpira juu ya kamba hadi uangukie ndoo. Ndoo haidanganyi.

Mambo ya kuuzungusha mpira yanaweza kusubiri. Kiganja kikielekea kwa mpigaji na vidole vikaukwaruza mpira kwenda juu, utazunguka mbele na kushuka haraka. Kiganja kikigeuzwa kumwelekea mrushaji mwenyewe, utazunguka kinyume. Asiyeweza kulenga ndoo bila ujanja huo hataweza akiutumia.

Lakini lipo jambo lisilosubiri. Mpira uliopigwa kwa kasi ya maili 80 kwa saa hurudi kwa mrushaji kwa muda usiofika nusu ya sekunde, na magongo ya kisasa ya aluminiamu na nyuzi za kaboni huurudisha kwa kasi kuliko ya mbao. Watu wamevunjwa pua na mataya kwa kusimama wakiustaajabia mrusho wao. Kwa hivyo mpira ukishatoka tu, mrushaji hurudi nyuma hatua mbili tatu, akajiweka sawa na kuinua glavu mbele ya kifua. Wengi siku hizi huvaa pia kinga ya uso yenye vyuma, hata katika mechi za kirafiki, na wanaoicheka kwa kawaida ni wale wanaocheza mbali, kule nyuma ya uwanja.