Kabla ya Kuuza Ng'ombe: Tuielewe Digrii ya Pili ya Uandishi wa Habari



Majuzi tulialikwa na kikundi kimoja cha akina mama. Ajenda ilikuwa moja tu. Kijana wa mwanachama, aliyemaliza digrii ya ualimu, alikuwa ameitwa chuo kikuu kusomea shahada ya uzamili katika uandishi wa habari na mawasiliano ya umma. Mama yake aliomba mkopo wa kikundi, na tayari alikuwa ametafuta mnunuzi wa ng'ombe. Mweka hazina akauliza, "Si digrii alipata, hata mbuzi tukachinja? Hii ingine ni ya nini?"

Watu walicheka, lakini swali hilo ni la haki. Pesa ya kikundi ni jasho la watu. Basi tulieleze jambo hili polepole.

UZAMILI NI NINI?

Hapa Kenya masomo yamepangwa kama ngazi yenye vidato 10. Diploma ni kidato cha 6, digrii ya kwanza cha 7, uzamili cha 9, na uzamifu, unaompa mtu jina la daktari wa elimu, ndio wa 10. Kwa hiyo aliye na diploma, hata akiwa hodari namna gani, kwa kawaida hupitia digrii ya kwanza kabla ya kufika uzamili.

Tena, si lazima mtu awe na uzamili ndipo awe mwandishi wa habari. Wengi wanaosikika redioni wana diploma. Taasisi ya mawasiliano ya umma ya serikali, KIMC, imefundisha watangazaji na mafundi tangu 1961. Uzamili humfaa zaidi anayetaka kufundisha chuoni, kufanya utafiti, au kusimamia idara ya mawasiliano katika shirika.

MLANGO WA KUINGILIA

Kila chuo kina masharti yake, lakini mengi hufanana:

1. Digrii ya kwanza kutoka chuo kinachotambuliwa. Vyuo vingi hutaka daraja la pili la juu. Mwenye daraja la pili la chini mara nyingi huulizwa miaka ya kazi katika fani hiyo.

2. Digrii si lazima iwe ya uandishi wa habari. Mwalimu au mhasibu anaweza kukubaliwa, ila huenda akaongezewa masomo ya msingi ili awafikie wenzake. Masomo hayo pia yana karo, kwa hiyo aulize mapema.

3. Nakala za vyeti na matokeo, pamoja na barua za watu wanaomfahamu kimasomo au kikazi.

4. Ada ya kuomba nafasi. Hii kwa kawaida hairudishwi.

SAFARI YENYEWE

Masomo kwa kawaida huchukua miaka miwili. Mwaka wa kwanza ni wa darasani: nadharia za mawasiliano, sheria na maadili ya habari, na mbinu za utafiti. Mitihani hufuata.

Mwaka wa pili ni wa utafiti. Mwanafunzi huandika pendekezo, hulitetea mbele ya walimu, kisha hupewa msimamizi. Kabla ya kwenda kuhoji watu hutafuta kibali cha tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI. Hukusanya habari, huandika tasnifu, na mwishowe huitetea.

Hapa ndipo wengi hukwama. Darasa wamemaliza, mitihani wamepita, lakini tasnifu inalala kabatini miaka nenda miaka rudi. Sababu moja kubwa ni pesa: nyumbani walitoa zote mwaka wa kwanza, na utafiti nao unataka nauli, uchapishaji na karo. Bila tasnifu au mradi uliokubaliwa, hakuna shahada. Ng'ombe ameenda na cheti hakuna.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Kwanza, ulizeni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kama chuo kimeidhinishwa, na kama somo hilo lenyewe limeidhinishwa. Chuo kinaweza kuwa halali, na somo likawa bado.

Pili, itisheni karatasi ya karo ya miaka yote miwili, si ya muhula mmoja.

Tatu, lipeni kwa akaunti ya chuo, na risiti iwekwe faili ya kikundi.

Nne, kijana aulize HELB. Bodi hiyo huwakopesha pia wanafunzi wa uzamili, ingawa si kila aombaye hupata.

Kikundi tulichotaja kiliamua hivi: nusu ya mkopo itolewe sasa, na nusu siku pendekezo la utafiti litakapopitishwa. Kijana mwenyewe akakubali kuendelea kufundisha na kusoma jioni. Ng'ombe hakuuzwa.

Hatusemi masomo haya ni anasa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya 1963 juu ya vyombo vya habari, ulihimiza mapadre, watawa na walei wapewe mafunzo ya kazi hii. Vijiji vyetu navyo vinahitaji watu wa kuvisemea vizuri. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa kisimwagwe kwa haraka.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, nani amewahi kuchangiwa masomo akakwama njiani? Sababu ilikuwa nini?
2. Kijana wetu anataka kazi gani hasa? Je, kazi hiyo inahitaji uzamili?
3. Tuna sheria gani iliyoandikwa kuhusu mikopo ya karo?