Kiungo Asisahauliwe

Mpira unapotinga wavuni, sauti zote hulitaja jina la mfungaji. Ndivyo ilivyo viwanjani Wete, na ndivyo ilivyo duniani kote. Hatuna kinyongo na mfungaji, kwani mabao ndiyo yaletayo ushindi. Lakini hatuna budi kujiuliza: mpira ule ulifikaje miguuni mwake?

Lugha yetu imekwisha kutoa jibu. Mchezaji wa katikati tumemwita kiungo. Kiungo cha mwili huunganisha mfupa na mfupa. Kikiteguka, mkono wenye nguvu haufai kitu. Nasi wa Pemba twavijua pia viungo vya chunguni: mlaji havioni sahanini, ila vikikosekana hujua kwa tonge la kwanza.

Kazi ya kiungo ni nzito. Avaaye namba 6 huziba njia mbele ya walinzi na kuwapokonya wapinzani mpira. Namba 8 hupanda na kushuka, akiwasaidia wa nyuma na wa mbele. Namba 10 hutafuta pasi itakayomfungulia mshambuliaji mlango. Wote watatu wahitaji jambo moja ambalo mtazamaji halioni: kuangaza pande zote kabla mpira haujawafikia, ili wajue mapema watakakoupeleka.

Vipaji vya aina hiyo tunavyo. Feisal Salum na Mudathir Yahya, viungo wote wawili, wametoka Visiwani wakaichezea Young Africans na timu ya taifa ya Tanzania. Wete nayo, kwa klabu yake ya Jamhuri, ilitoa bingwa wa Zanzibar mwaka 2003. Na Januari 2025, Zanzibar ilitwaa Kombe la Mapinduzi papa hapa kisiwani, uwanjani Gombani, kwa kuifunga Burkina Faso mabao 2-1.

Hatari iko katika malezi. Mara nyingi mtoto aonekanaye hodari skulini huwekwa mbele afunge, na aliyekosa nafasi ndiye hutiwa katikati. Kisha twashangaa timu inapobutua mpira ovyo, na mshambuliaji wetu akisimama dakika 90 akingojea pasi isiyokuja.

Twawaomba walimu wa michezo na viongozi wa klabu wamfundishe kijana hodari kutoa pasi kwa bidii ile ile wanayomfundishia kufunga. Nasi watazamaji tuna wajibu wetu: bao likiingia, tulitaje pia jina la aliyeutoa mpira.